Projekti ya mwaka wa mwisho imegoma: anzeni kutafuta kwenye maungio

Wanafunzi wa uhandisi wa Arusha na Moshi, wawe wa stashahada au wa shahada, wakifika karakana na mashine isiyofanya kazi huwa wameshaupa ugonjwa jina: "mota ni ndogo", "sensa ni mbovu", "bodi ni feki". Mara nyingi mota ni nzima, sensa ni nzima, na bodi ikiwekwa peke yake mezani inafanya kazi bila shida. Kasoro iko pale kitu kimoja kinapokutana na kingine: waya kati ya betri na bodi, mkanda kati ya mota na shafti, bomba kati ya kisima na pampu. Hapo ndipo kazi ya mmoja inapokabidhiwa kwa mwenzake, na hapo hakuna aliyepiga hesabu, kwa sababu kila mmoja alidhani ni kazi ya mwingine.

Mwongozo huu unafuata dalili, si majina ya idara. Sharti ni moja tu: hakuna kununua kipuri kipya kabla ya kupima. Multimita ya kawaida, futi, kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo na unene), mizani ya jikoni na kipima mizunguko cha kumulika vinatosha kwa karibu kila jambo lililoandikwa hapa. Kila namba iandikwe kwenye daftari la projekti pamoja na tarehe, hata ikiwa mbaya. Sura ya matokeo itajazwa na namba hizo, na jopo la watahini huuliza zaidi kuhusu jaribio lililofeli kuliko lililofaulu.

## Mota inanguruma haizunguki, au inazima mahindi yakiingia

Hii ni dalili ya mashine za kupukuchua mahindi na za kukata majani ya ng'ombe. Mota ya fezi moja ya kilowati 1.5, yaani hp 2, inawashwa, inanguruma, kisha inakufa au inaangusha swichi kuu.

Anzeni na waya. Pimeni volti kwenye boksi la nyaya la mota yenyewe wakati inawashwa, si kwenye soketi ya ukutani. Umeme wa majaribio mara nyingi huvutwa kwa eksitensheni ya mita 30 yenye waya wa 1.5 mm². Shaba ya unene huo ina ukinzani wa takribani omu 0.0117 kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 60, sawa na omu 0.7. Mota ikishashika kasi na kuvuta ampea 10, volti 7 zinapotea njiani na hakuna anayeshtuka. Lakini wakati wa kuanza inaweza kuvuta mara tano ya hapo, na sasa volti 35 zimepotea. Mota iliyotengenezwa kwa 230 inapata 195, na kwa kuwa nguvu yake ya kuzungusha hufuata mraba wa volti, imebaki na asilimia 72. Waya wa 2.5 mm² kwa umbali uleule hupunguza hasara hiyo hadi volti 21. "Mota ndogo" nyingi hupona kwa kusogezwa karibu na soketi. Eksitensheni ya kuviringisha ifunguliwe yote kabla ya kutumika, maana ikibaki imejikunja inachemka.

Volti zikiwa sawa, ng'oeni plagi, vueni mkanda, na muizungushe mota kwa mkono. Ikizunguka laini kwa mkono lakini ikinguruma tu ikipewa umeme bila mkanda, mshukuni kapasita. Kapasita hubaki na chaji hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo iondoeni kwanza kwa kugusisha ncha zake kwenye nyaya za balbu ya wati 60 ya aina ya zamani. Kisha pimeni maikrofaradi zake kwa multimita. Ikiwa imeshuka zaidi ya asilimia 10 chini ya kilichoandikwa, wekeni nyingine yenye maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za ile ya kwanza.

Mota ikiwaka vizuri bila mkanda, haina kosa. Tatizo ni mzigo, na mzigo huanzia kwenye puli. Chukueni mfano wa mchoro unaosema puli ya mota ni 75 mm na puli ya ngoma ni 180 mm. Mota ikizunguka 1,440 kwa dakika, ngoma itazunguka 600, na kama kipenyo cha ngoma ni 200 mm, meno yake yanasafiri mita 6.3 kwa sekunde. Mwanakikundi aliyetumwa dukani akakosa 180 akarudi na 125, kwa kuwa "zinafanana". Sasa ngoma inakimbia 864, punje zinavunjika, na kwa ukinzani uleule wa mahindi mota inabebeshwa asilimia 44 zaidi. Mchoro haukubadilishwa, hesabu hazikurudiwa, na ripoti bado inasema 180. Msimamizi mwenye kalipa mfukoni atalibaini hili ndani ya dakika mbili.

Kisha mkanda. Ubonyezeni katikati ya puli mbili kwa kidole gumba: mkanda wa aina ya A ushuke kama milimita 8 kwa kila nusu mita ya umbali kati ya shafti. Ukilegea unateleza, unapiga kelele na kunuka mpira, na mzunguko halisi wa ngoma unakuwa mdogo kuliko wa hesabu. Ndiyo maana kipima mizunguko kinaelekezwa kwenye ngoma, si kwenye mota. Ukikazwa kupita kiasi, beringi ndizo zitalipa. Tandazeni uzi kwenye nyuso za puli zote mbili. Uguse sehemu nne kwa pamoja, na ukigusa tatu, puli haziko kwenye mstari.

La mwisho ni mahindi yenyewe. Mahindi ya kuchoma ya barabarani si sampuli. Yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 husagika badala ya kupukuchuka, huziba chujio la chini na kuisimamisha mota. Fanyeni jaribio kwa mahindi makavu yaliyopimwa unyevu, kilo 10 za mahindi yakiwa bado kwenye magunzi kwa kila mzunguko wa jaribio, mara tatu kwa kila kasi. Pimeni kando punje nzima, zilizovunjika na zilizobaki kwenye gunzi. Bila hayo matatu, neno "ufanisi" kwenye ripoti ni pambo tu.

Kabla hata ya kuchora mashine ya aina hii, nendeni mkaone zilizokwishatengenezwa. Taasisi za serikali za CAMARTEC na TEMDO zote mbili ziko Arusha na kazi yao ni kubuni mashine kama hizi, na kwa upande wa Moshi kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo. Ombeni ruhusa ya kupima kwa kalipa unene wa shiti, idadi ya meno na nafasi kati ya ngoma na chujio. Saa mbili za kupima mashine inayofanya kazi zinafundisha kuliko wiki ya kuchora kwenye SolidWorks.

## Fremu inatetemeka, beringi zinachemka

Pimeni mishazari miwili ya fremu, kutoka kona hadi kona ya mkabala. Tofauti ikizidi milimita 2 kwenye fremu ya mita moja, fremu imejipinda wakati wa kuchomelewa, na beringi zilizofungwa juu yake haziwezi kuwa kwenye mstari mmoja. Chanzo karibu siku zote ni kuchomelea upande mmoja hadi mwisho kabla ya kwenda mwingine. Dawa ni kupiga taki (nukta ndogo za kuchomelea) kwenye kona zote kwanza, kupima mishazari, kunyoosha kwa nyundo, ndipo mchomelee kwa kurukaruka kutoka kona hadi kona. Kwa engo ya 40 kwa 40 yenye unene wa mm 4, rodi za mm 2.5 kwa ampea 60 hadi 90 zinatosha. Wengi hupandisha ampea ili wamalize haraka, wakatoboa shiti na kuipinda fremu kwa pamoja.

Msichomelee kabisa beringi zikiwa zimeshafungwa. Mkondo wa kuchomelea ukipita ndani ya beringi huacha vishimo kwenye njia ya gololi, na beringi mpya itaanza kulia kabla haijafanya kazi hata siku moja. Ikibidi kuchomelea baadaye, kibano cha grandi kishikizwe karibu kabisa na sehemu inayochomelewa.

Shafti nayo ina mambo yake. Chuma cha mviringo kinachouzwa kwa jina la 25 mm hakiwi 25.0 kila mara. Pimeni kwa kalipa dukani, kabla ya kulipa. Kikiwa 24.6, beringi ya UCP 205 itakaa kwa skrubu mbili tu za kubana, shafti itacheza ndani yake, na mtetemo hautaisha hata mkaze nati hadi zikatike. Chukueni cha 28 au 30 mkakikereze. Nondo si shafti, hata ikiwa imepakwa rangi.

## Bodi inajizima na kujiwasha, hasa inapotuma ujumbe

Hakuna dalili inayopoteza wiki nyingi kama hii. Mfumo wa umwagiliaji au wa kengele ya wizi unafanya kazi mezani, lakini ukitakiwa kutuma meseji, bodi inaanza upya. Kikundi kinarudi kwenye programu, kinaandika upya mistari 300, tatizo linabaki palepale.

Moduli ya SIM800L, inayotuma meseji kwa laini ya simu, inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotuma inavuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi sana, chini ya milisekunde moja kila kimoja. Multimita haiwezi kuviona vipindi hivyo. Inaonyesha wastani tu, na wastani ni mzuri. Pini ya 5 V ya bodi ya Arduino haimpi mtu ampea 2, na volti 5 ni nyingi kwa moduli hiyo. Fanyeni hivi: tumieni kishusha volti cha LM2596 kutoka betri ya 12 V, kizungusheni hadi kisome 4.0 kabla ya kuunganisha kitu chochote. Wekeni kapasita ya maikrofaradi 1,000 au zaidi karibu kabisa na pini za moduli, sentimita 2 au 3 tu, si upande wa pili wa bodi. Unganisheni kwa waya mnene. Nyaya za jampa za rangirangi ni nyembamba mno kwa mkondo huo, na matundu ya bredibodi (bodi ya kujaribia bila kulehemu) hulegea baada ya kuchomekwa mara nyingi. Grandi ya moduli na ya bodi lazima ziwe moja. Hili la grandi linasahauliwa hasa pale moduli na bodi zilipofungwa na watu wawili tofauti.

Kama ni ESP32, bodi yenye Wi-Fi ndani yake, someni kioo cha serial (dirisha la kompyuta linaloonyesha ujumbe wa bodi) wakati inapojizima. Bodi hiyo yenyewe husema volti zimeshuka, lakini ujumbe huo hupita haraka na wengi hawausomi. Umeme kutoka bandari ya USB ya laptopu, wenye kikomo cha kama ampea 0.5, hautoshi pale Wi-Fi inapowaka pamoja na rilei mbili (swichi zinazoendeshwa na bodi).

Mrithi wa tatizo hili ni kishusha volti cha 7805. Kikipewa 12 V na kuombwa ampea 0.5, kinatupa wati 3.5 kama joto: tofauti ya volti 7 mara 0.5. Bila bati la kupooza kinachemka hadi kujikata, kinapoa, kinajiwasha tena. Kikundi kinaona bodi inayokufa kila baada ya dakika chache na kulaumu programu. Guseni kwa kidole kilicholowa. Kikiwaunguza, mmepata jibu.

Bodi ikijizima pale tu pampu au mota ndogo inapozimwa, si inapowashwa, angalieni dayodi. Koili ya rilei na mota ya DC hurudisha umeme wa kinyume zinapokatwa. 1N4007 moja ikiwekwa sambamba na koili, mstari wake ukielekea upande wa chanya, inaumeza. Moduli nyingi za rilei zinazouzwa zikiwa tayari zina dayodi hiyo kwa koili yao, lakini mota iliyofungwa kwenye mdomo wa rilei haina, na haijalindwa na mtu.

Mfumo ukishatulia, hamisheni kila kitu kutoka bredibodi kwenda verobodi, bodi ya kulehemu, na mlehemu kwa risasi. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelalia pini pande zote. Kilichofanya kidonge cha duara juu ya pini ni baridi, na kitakatika njiani, kwenye daladala.

## Pampu haivuti, au inavuta kisha inakata

Hapa mahali penyewe panaingia kwenye hesabu. Arusha mjini iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko inasukuma kwa kilopaskali kama 86 badala ya 101. Maana yake, hata pampu kamilifu isingevuta maji kutoka chini zaidi ya mita 8.7, pwani ingefika 10.3. Toeni kama mita 0.3 ya mvuke wa maji, toeni kiasi ambacho pampu yenyewe inadai kwenye kitabu chake, mathalani mita 3, toeni mita 1 ya msuguano wa bomba. Zimebaki kama mita 4.4. Kitabu cha pampu kinaposema "huvuta mita 7", kinazungumzia usawa wa bahari na maji ya baridi. Moshi iko chini zaidi, karibu mita 900, na mnaongezewa kama nusu mita tu. Kisima chenye maji mita 6 chini ya pampu, basi, kinahitaji pampu ya kuzama au pampu ishushwe. Kubadilisha mota hakusaidii.

Pampu ikivuta kisha ikakata, hewa inaingia kwenye bomba la kuvutia. Sabuni ya kupakia kwenye viungo haioneshi kitu upande huo, kwa sababu hewa inaingia ndani na povu halitoki nje. Jazeni bomba maji kutoka juu huku valvu ya chini ikiwa imefungwa, acheni nusu saa, muangalie usawa unashuka wapi na kiungo gani kinalowa. Kama usawa unashuka lakini nje pakavu, valvu ya chini imeshikwa na mchanga. Kwenye mifereji ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru maji hubeba tope jingi wakati wa masika. Chujio la valvu lining'inizwe sentimita 30 juu ya sakafu ya mfereji, lisilale juu yake.

Injini ya petroli nayo hupungukiwa. Kwa makadirio ya kawaida hupoteza asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Hp 5.5 ya kwenye boksi ni kama 4.7 Arusha. Hiyo 4.7 ndiyo iingie kwenye hesabu zenu.

## Sensa inasoma vizuri darasani, shambani inadanganya

Sensa ya unyevu wa udongo yenye vijiti viwili vya chuma, ile ya bei rahisi, huliwa na umeme wake wenyewe. Ikiachwa na umeme muda wote inaweza kuoza ndani ya wiki chache, na namba zake huhama kidogokidogo bila kelele. Ipeni umeme kwa pini ya bodi kwa sekunde moja tu kila inaposoma, au tumieni ya kapasita isiyo na chuma wazi. Hiyo nayo ina udhaifu: kingo zake na vipande vya juu havijafunikwa. Pakeni rangi ya kucha tabaka mbili, na sehemu yenye vipande ibaki juu ya udongo.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kutumia namba za mtandaoni. Udongo wa volkano wa huku ni mwepesi na unashika maji mengi. "Asilimia 30" iliyopatikana kwenye mchanga wa mtu mwingine haina maana Tengeru. Kausheni udongo wa shamba lenyewe kwenye jiko la maabara kwa nyuzi 105 kwa saa 24, gaweni kwenye makopo matano, mtie maji asilimia 0, 10, 20, 30 na 40 ya uzito wa udongo, shindilieni sawasawa, kisha someni sensa kwa kila kopo. Mchoro wa nukta hizo tano ni kazi ya siku mbili, na jopo hulikumbuka.

Kama mnatumia ESP32 na sensa inasoma sifuri au namba ya ajabu pale tu Wi-Fi inapowaka, pini ndiyo kosa. Pini za 25, 26 na 27, pamoja na 0, 2, 4 na 12 hadi 15, haziwezi kusoma analogi wakati Wi-Fi inafanya kazi. Hamieni 32 hadi 39.

Kwa vitotoleshi, sensa ya joto ya DHT11 isitumike kabisa. Ina kosa la nyuzi 2, na yai linataka 37.5 na kidogo juu ya hapo. Hata DHT22, yenye kosa la nusu nyuzi, ilinganishwe na kipimajoto cha homa cha duka la dawa, vyote viwili vikiwa kwenye usawa wa juu ya mayai. Sensa iliyobandikwa karibu na balbu inapima balbu. Betri ya akiba nayo ipigiwe hesabu kabla ya kuandikwa kwenye ripoti kuwa "inahimili umeme ukikatika": 12 V ya 7 Ah ina wati-saa 84, nusu yake inayofaa kutumika ni 42, na kipasha joto cha wati 60 kinaimaliza kwa dakika 42.

## Chujio la floraidi halipunguzi floraidi, au maji yananuka

Maji ya sehemu nyingi za mkoa wa Arusha yana floraidi juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo kila mwaka kuna kikundi kinachochagua mada hii. Mkaa wa mifupa ndio unaotumika sana, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi.

Rangi ya mkaa itawaambia mengi kabla ya maabara. Mweusi sawasawa umeiva. Wa kahawia haujaungua vya kutosha, bado una mafuta na nyama ndani, na maji yatanuka na kuwa na rangi. Mweupe au kijivu umeungua kupita kiasi au umepata hewa nyingi, na uwezo wake wa kushika floraidi umeanguka.

Mkaa ukiwa mzuri na matokeo bado mabaya, maji yanapita haraka mno au yanapita pembeni. Bomba la kipenyo cha 100 mm lenye mkaa wa kimo cha 600 mm lina lita 4.7. Mkitaka maji yakae dakika 20, msiruhusu zaidi ya lita 14 kwa saa. Vikundi hufungua koki hadi ndoo ya lita 20 ijae kwa nusu saa, halafu vinaandika kuwa mkaa haufai. Jazeni bomba maji kutoka chini kwenda juu mara ya kwanza ili hewa itoke.

Upande wa kupima, elektrodi ya floraidi isawazishwe kila siku kwa myeyusho wa 1 na wa 10 mg kwa lita. Tofauti ya usomaji iwe kati ya milivolti 54 na 60. Ikiwa 40, elektrodi imechoka au sampuli haikutiwa TISAB (kimiminika cha kuandaa sampuli) kwa ujazo ulio sawa nayo. Tena msichukue sampuli za sehemu moja tu. Chujio la Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, lililoshinda Africa Prize ya uhandisi mwaka 2015, linaunganisha mchanga na nanoteknolojia na hurekebishwa kulingana na maji ya mahali. Swali la jopo litakuwa hilohilo: chujio lenu limebuniwa kwa maji ya wapi?

## Mashine ni nzima lakini hakuna matokeo

Hii ni dalili ya kalenda. Yai la kuku linachukua siku 21. Kitotoleshi kilichokamilika wiki mbili kabla ya kuwasilisha hakina jaribio hata moja, na hakuna namna ya kuharakisha kuku. Ukitaka majaribio matatu, kiwe kimewaka miezi mitatu kabla.

Kikaushio cha jua ndicho kinachoumiza zaidi. Kikikamilika Aprili kinakutana na masika. Kikichelewa hadi Juni au Julai kinakutana na mawingu na baridi ya asubuhi za Arusha. Jua la kupimia liko Januari na Februari, wakati vikundi vingi bado vinabishana kuhusu jina la projekti. Jengeni kielelezo cha plywood na nailoni mwezi Desemba, hata kibaya kiasi gani, mkusanye joto, unyevu na uzito kila nusu saa. Cha chuma kitakuja baadaye na kulinganishwa nacho.

Vipuri navyo vina kalenda yao. Cha Kariakoo kinafika kwa basi la usiku. Cha kuagizwa China kinaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo agizeni viwili kwa mara moja, kwani cha kwanza kitaunguzwa na mtu aliyegeuza chanya na hasi.

## Mmoja tu ndiye anayejua

Jopo linamuuliza wa pili kuhusu programu, anamtazama wa kwanza. Tiba ni kubadilishana kazi mapema: aliyechora apeleke shafti kwa mkerezaji, aliyeandika programu ashike rodi ya kuchomelea, walau siku moja kila mmoja. Mchomeleaji wa Unga Limited, mtaa wa Arusha, atamweleza mchoraji kwa nini kona aliyoichora haifikiki kwa rodi, na mchoro utabadilika siku hiyohiyo. Kila makabidhiano yaandikwe kwenye karatasi moja: volti ngapi, ampea ngapi, kipenyo gani, mizunguko mingapi, nani amepima. Makosa mengi yaliyotajwa hapa yangeonekana kwenye karatasi hiyo.

## Siku ya kuwasilisha

Mashine ibebwe siku moja kabla, iwashwe kwenye chumba kilekile, kwenye soketi ileile. Sandukuni muwe na fyuzi tano za kila aina iliyotumika, mkanda wa akiba, moduli ya pili yenye programu tayari, laini ya simu yenye salio iliyojaribiwa ndani ya jengo hilo, spana za nati zote za mashine, multimita yenye betri mpya, na mahindi makavu kilo 10 yaliyokwishapimwa unyevu. Video ya dakika mbili ya mashine ikifanya kazi iwe kwenye simu za watu wawili. Swichi ya dharura iwekwe mahali mjumbe wa jopo anaweza kuifikia bila kuvuka mkanda, na mkanda uwe na kizuizi cha bati, maana mwenye tai atainama kuchungulia.